Aliyemsoma Mkewe Kama Karata

Ndugu zangu waumini, hukumu ya karata msiniulize leo. Ina siku yake. Leo nina habari ya mtu, na habari yenyewe inaniuma.

Palikuwa na fundi mmoja wa majokofu, mwenye mke mwema. Katika simu yake akaingiza mchezo wa karata, ule wa poka, anaocheza na watu wasiojuana kutoka pande zote za dunia. Fedha yake ni ya kuchezea tu: ukishinda hupati hata ya chumvi, ukifilisika mchezo wenyewe unakujazia upya. Nia yake ilikuwa kunoa ujuzi, na kweli aliunoa. Kwa kuwa wenzako huwaoni nyuso, unawasoma kwa haraka yao na kusita kwao. Akajifunza kwamba anayeweka dau mbiombio mara nyingi hana kitu mkononi, anapiga mkwara tu. Akajifunza na kungoja, maana asiye na subira ndiye anayeliwa.

Mkewe akawa anakula peke yake, na akisema neno anajibiwa kwa mguno. Siku moja akasimama mbele ya mumewe na kijisanduku, akasema upesi upesi, maneno yakikanyagana:

"Mume wangu, nimechoka kuishi na kisogo chako. Nakwenda kwetu. Utanifuata?"

Je, wewe ungejibu nini? Yeye alisikia ile haraka tu. Akasema moyoni, mkwara huo.

"Mlango uko wazi," akamjibu.

Hakujua kwamba mtu huongea upesi pia anapozuia kilio.

Sasa, mila zetu tunazijua. Mke akienda kwao kwa hasira, mume humfuata na mzee wake mmoja, wakakaa, wakaomba radhi, wakarudi naye. Ni aibu ya kitambo kidogo, inapita. Baba mdogo wa fundi alimjia kanzu imeshapigwa pasi, akamwambia waondoke. Fundi akakataa. Anayetangulia kwenda, alisema, ndiye aliyeshindwa. Ulipofika wito wa kadhi, kwamba mke anataka ndoa ivunjwe, akacheka, akasema ukweni wamepandisha dau. Hakwenda. Ukaja wito mwingine, hakwenda.

Msidhani hakumpenda. Alimpenda sana, na nyumba ilimwelemea. Kila jioni alitega sikio mlangoni akiamini atarudi, kwa kuwa katika mchezo wake kila kilichopotea kilirudi.

Mwishowe upweke ukamshinda, akaenda. Baba mkwe akamtandikia mkeka barazani, akamletea kahawa. Mkwe wa nyumba hukaribishwa ndani, ndugu zangu. Barazani hukaa mgeni.

"Mzee, nimekuja kumchukua mke wangu."

"Mwanangu, kadhi alishaivunja ndoa, na eda imekwisha. Juzi tumemwoza." Yule mzee akamsogezea kikombe. "Alikungoja. Kila akisikia hodi alikuwa anavaa ushungi, anasema, 'Ndio hao.'"

Fundi hakuigusa kahawa. Aliinama pale pale mkekani, mtu mzima, akalia mbele ya wapita njia.

Ujuzi wake ulikosa nini? Haukukosa kitu. Aliupata tu mahali ambapo kupoteza hakuumi, akauleta mahali panapouma. Na sisi je? Nani humu hana mtu aliyewahi kumwambia "nimechoka", akadhani anatishwa? Mama, mke, ndugu wa tumbo moja. Tunangoja waanze wao, kana kwamba moyo wa mtu ukiisha hujazwa upya. Haujazwi.

Leo tukimaliza sala, msijipange kunipa mkono. Mimi hamjanikosea. Nendeni kwa mliyemkosea, maadamu bado anawangoja.