Mkataji Havutishwi Roli

Mkataji havutishwi roli.

Methali hii mliisikia jana arusini, mpishi alipotumwa kutafuta kuni, shangazi yenu akamrudisha jikoni kwa maneno hayo. Leo mnaniuliza imetoka wapi. Mmefanya vizuri kuniuliza mimi, maana nasikia kuna watu wa Moshi wanaodai ni yao, eti ya mafundi cherehani. Fundi cherehani ana roli gani? Ana jora la kitambaa. Methali hii ni ya hapa hapa Same, nami nilikuwepo ilipozaliwa. Ilikuwa hivi.

Nilikuwa nafanya kazi katika karakana ya mabango ya Mzee Kadeghe, nyuma ya soko. Mzee alikuwa amechora kwa brashi zaidi ya miaka thelathini, na hakuna shule wala duka la wilaya hii ambalo halikupita mkononi mwake. Mkono ulipoanza kutetemeka, alimwachia kazi mwanafunzi wake, Namsifu, binti wa maneno machache na kichwa kigumu kweli kweli.

Namsifu ndiye aliyeleta mashine ya kukata stika. Unaandika maneno kwenye kompyuta, kisha mashine inalivuta roli la stika, yaani stika ndefu iliyoviringishwa, na kulirudisha, mbele na nyuma, huku kisu chembamba kama ncha ya sindano kikikata herufi. Kisu kinakata stika peke yake. Karatasi ya nyuma inabaki nzima. Kisha naingia mimi na kibanio changu, nabandua kisichotakiwa. Msicheke. Herufi ikiwa imekatwa vibaya, mbanduaji ndiye anayejua wa kwanza.

Basi, watu wa kata ya Mkanyeni walipata gari la wagonjwa baada ya kulisubiri miaka minne. Walitaka jina la kata liandikwe ubavuni, kutoka mlango wa mbele hadi taa za nyuma, herufi nyekundu zilizozungushiwa ukingo wa bluu. Mwenyekiti wa kamati ya gari, Bwana Mgonja, hakuficha mawazo yake.

"Kazi za mashine ni za Moshi," alisema. "Nawapa mpaka Ijumaa asubuhi kwa sababu ya heshima ya Mzee Kadeghe. Nikiona kasoro, gari linakwenda Moshi."

Namsifu alielewa. Gari lile likienda Moshi, mji mzima ungesema mashine ya binti ni pambo la ofisi, na hakuna ambaye angemletea tena kazi kubwa. Akaenda kuwasha kompyuta.

Siku ya Jumatano tulikata bluu na nyekundu, tukazipandisha moja juu ya nyingine mezani. Herufi za mwanzo zilikaa sawa, nikaanza hata kuimba. Tulipofika katikati, nyekundu ilianza kusogea. Kwenye neno la mwisho ilikuwa imetoka nje ya bluu kwa upana wa njiti ya kiberiti. Tena herufi nyingine hazikufunga. Kisu kilianzia hapa, kikamalizia pale pembeni. Nikajaribu kuzibandua, zikachanika.

Namsifu alibadilisha kisu. Alikata mraba mdogo wa majaribio, kama ulivyo utaratibu, na mraba ukatoka safi. Akakata maneno yote, yakapotoka vilevile. Akabadilisha kisu cha pili, akaongeza nguvu ya kukandamiza, mpaka kikatoboa karatasi ya nyuma. Akapunguza mwendo. Akakata tena mraba, safi. Maneno marefu, yamepinda. Mpaka Alhamisi mchana tulikuwa tumebakiwa na bluu ya kutosha, lakini nyekundu ilibaki ya kukata mara moja tu.

Nilimwonea huruma, nasema kweli. Macho yalikuwa mekundu kuliko stika. "Mraba unanidanganya," aliniambia. "Unaniambia kisu ni kizima."

Hapo ndipo Mzee Kadeghe alipoingia, na fimbo yake. Nilidhani atasema "niliwaambia", maana mashine ile hakuwahi kuipenda. Haikuwa hivyo. Alivuta kigoda, lakini hakukaa mbele kama tulivyokaa sisi siku mbili tukikitumbulia macho kisu. Alikaa nyuma ya mashine, lilipotundikwa roli.

"Ikimbize," alisema.

Namsifu aliweka roli la bluu, maana hiyo ilikuwa ya kutosha, akaiwasha mashine. Mzee alitazama kwa muda, kisha akagonga sakafu kwa fimbo.

"Njoo huku nyuma, binti. Siku mbili unatazama anayekata. Umemtazama anayevutwa?"

Tukazunguka wote wawili. Roli lilikuwa jipya, zito, limekaa kwenye chuma chake. Kila mashine ilipovuta, roli lilikaza, likatetemeka, ndipo likaachia kwa kishindo. Stika ilikuwa inateleza kidogo sana kila mara, chini ya vile vigurudumu vinavyoibana.

"Mraba ni mdogo," Namsifu alisema polepole. "Haulivuti roli."

"Ehee!" Mzee alisema. "Mimi nilipokuwa juu ya ngazi, mtu alinishikia kopo la rangi. Unafikiri nilishindwa kulishika? Mkono unaochora ulikuwa na kazi moja tu. Wewe mashine yako umeipa kazi mbili, ikate na iburute mzigo. Halafu ikikosea unakiadhibu kisu."

"Mzee, nimekionea."

"Umekionea. Mkataji havutishwi roli, mwanangu."

Ndiyo mara ya kwanza maneno hayo kutamkwa duniani, na aliyeyatamka hakujua hata kuwasha kompyuta.

Namsifu alirudisha nguvu ya kisu ilivyokuwa. Tulifunua stika kwa mikono yetu, tukailaza ikiwa imelegea juu ya kanga safi nyuma ya mashine, mita moja zaidi ya tuliyohitaji. Kisha akaipitisha mbele na nyuma bila kukata, aone kama inakwenda moja kwa moja. Akakata mstari wa mita moja kwenye mabaki ya bluu, akaupima kwa rula ya chuma. Ukatimia. Akakata bluu. Akaweka nyekundu ya mwisho, akaiwasha mashine.

Ilipomaliza, nilibandua kuanzia neno la mwisho, kwa sababu ndiko aibu ilikokuwa. Herufi ziliinuka zenyewe, pembe kali, kila mstari umekutana na mwanzo wake. Tulipozipandisha juu ya bluu, Namsifu alilia bila kujificha, na Mzee akajifanya anatafuta miwani.

Ijumaa asubuhi, tulipokwisha kuzibandika ubavuni, Bwana Mgonja alilizunguka gari mara tatu. Alipitisha ukucha kwenye kila herufi, akainama, akainuka.

"Mmekwenda kukatia Moshi?" aliuliza.

"Hapana, Mwenyekiti," Namsifu alijibu. "Tumekatia hapa."

"Mlifanyaje?"

Akamweleza yote, pamoja na maneno ya Mzee. Bwana Mgonja akacheka, akayarudia kama mtu anayeonja mchuzi.

Jumamosi gari likazinduliwa Mkanyeni, nasi tulialikwa. Katikati ya shughuli akina mama wakamwita dereva ashushe makreti ya soda, akapange na viti. Alikuwa ameshavua koti. Bwana Mgonja akachukua kipaza sauti.

"Mwacheni dereva akae kwenye gari lake! Vijana wabebe soda. Mkataji havutishwi roli!"

Watu wakaulizana ni methali ya wapi. Kabla hajawajibu, mtu akaja mbio kutoka mlimani: kuna mama amekwama na uchungu tangu alfajiri. Dereva alikuwa ndani, ufunguo mkononi. Gari likaondoka papo hapo, na jina la kata likapita mbele yetu lote, limenyooka kuanzia mlango hadi taa.

Jioni tukaletewa habari kuwa mama na mtoto wako salama. Bwana Mgonja alimshika Namsifu mkono, akampandisha jukwaani mbele ya kata nzima.

"Mliuliza methali ni ya wapi," alisema. "Ni ya karakana ya huyu. Na mimi nilitaka kumpelekea kazi mtu wa Moshi."

Watu wakaitikia kwa sauti moja, na Mzee Kadeghe akiwa amesimama bila fimbo:

"Mkataji havutishwi roli!"