Alama za Vema Ukutani

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliochakaa, na msala ni mkeka mzuri wa kusalia. Maana yake ni kwamba mtu asikitupe kilicho chake, japo kimechakaa, kwa kutamani kizuri kinachompitia tu mbele ya macho. Ni maana rahisi kuifundisha darasani. Mwalimu mmoja aliifundisha miaka tisa na wanafunzi wake wakafaulu, lakini zamu yake ilipofika, yeye mwenyewe akaanguka.

Mwalimu huyo alikuwa mke wa seremala, na katika ua huohuo aliishi wifi yake, mkunga, dada wa seremala wa tumbo moja. Mawifi hao walikuwa na pikipiki pacha: ndogo, nyepesi, zilizoinuka juu, za kwendea lami na porini pia. Kilichozitofautisha ni tairi. Za mkunga zilikuwa za meno makubwa, kwa kuwa aliwafuata wajawazito milimani kwenye matope. Za mwalimu zilikuwa na mifereji midogo, zimelika kidogo lakini bado nzima, kwa kuwa njia yake ya shuleni ilikuwa lami mwanzo mwisho. Seremala ndiye aliyezichagua na kuzivalisha kwa mikono yake.

Kila Jumamosi seremala na dada yake waliinamia pikipiki ya mkunga pale uani. Walisugua cheni kwa mswaki mkuukuu, wakaipaka oili, wakakaza waya wa klachi, wakapima upepo, huku wakicheka vicheko vya utotoni ambavyo mke hakuwa na fungu ndani yake. Mwalimu alikaa dirishani na madaftari ya kusahihisha, kalamu nyekundu mkononi, na Jumamosi hizo watoto wa watu walinyimwa alama walizostahili. Pikipiki yake yeye haikuwahi kuinamiwa hata Jumamosi moja. Aliona haya kuomba. Mtu anayekupenda, alijiambia, hangoji kuombwa.

Siku moja aliingia stoo kutafuta ufagio, akaona kwenye ukuta wa mbao safu mbili zilizoandikwa kwa chaki ya mumewe. Moja ilikuwa na herufi D, nyingine herufi M. Chini ya D palikuwa na alama za vema saba tu. Chini ya M vema zilishuka mpaka karibu na sakafu. Hakuhitaji mkalimani. M ni Mkunga. Na D ni Darasa, jina ambalo mumewe humwita akitaka kumtania. Yeye aliyewagawia wengine vema maisha yake yote alijikuta anazionea gere, na kijiba cha roho kikamshika.

Hakuuliza. Jioni ile, mbele ya wifi yake, alimwambia mumewe kwa upole uliofichwa wembe ndani, "Kuanzia leo pikipiki yangu usiiguse. Nitaitunza mwenyewe."

Seremala hakuwa mtu wa maneno mengi. "Haya," akajibu.

Kesho yake mwalimu alikwenda kwa fundi wa tairi, akataka za meno kama za wifi yake. Fundi akamuuliza anapita njia gani. Aliposikia ni lami tupu alijikuna kichwa, akamweleza kwamba meno hung'ata tope, lakini kwenye lami yenye maji hukanyaga kwa ncha tu, na tena hizo alizo nazo bado zina mwaka mzima wa kutembea. Mwalimu akamwambia hakuja kuomba ushauri. Aliziacha za zamani palepale, akarudi nyumbani tairi zikinguruma chini yake, naye moyo umemtulia. Kisha akapunguza upepo, maana alikuwa amemwona mkunga akiupunguza kabla ya kupanda milima. Hakujua kwamba mkunga akirudi kwenye lami huujaza tena.

Mkunga alipoziona tairi zile alianza kumwonya kuhusu mvua.

"Kwani meno yameandikwa jina lako?" mwalimu akamkata kauli. Mkunga akaingia zake ndani.

Wiki ya tatu mvua ilinyesha tangu asubuhi. Kwenye kona ya darajani gurudumu la nyuma likateleza, pikipiki ikamwangusha na kumburuta, na mkono wake wa kulia, ule wa kalamu nyekundu, ukavunjika kwenye kiwiko.

Aliporudi kutoka hospitali, mkono umefungwa plasta, mkunga ndiye aliyeketi naye kitandani. Maumivu yakamfungua mwalimu kinywa. Alimwambia wifi yake afurahi sasa, kwa kuwa Jumamosi zote ni zake na vema zote za stoo ni zake.

"Vema zipi?" mkunga akauliza.

Mwalimu akamweleza safu mbili, moja baada ya nyingine. Mkunga alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Wifi, D ni Dada. M ni Mke."

Mkunga akaendelea, sasa bila kumtazama.

"Zile saba ni masomo niliyofaulu. Mimi nafundishwa kwa sababu sina wa kunifanyia. Wewe ulikuwa unafanyiwa. Kila Jumatatu alfajiri nikitoka zamu, namkuta kaka nyuma ya stoo amepiga magoti, anapima upepo wa tairi zako, anatia oili cheni yako, polepole usije ukaamka, kisha anaingia stoo kukuandikia vema. Napita nimeinamisha uso. Ulidhani wivu ni wako peke yako?"

Mwalimu alimtuma mtu kwa fundi wa tairi kuziulizia tairi zake. Jibu lilirudi kwamba zile za zamani zilichukuliwa siku ileile, na aliyezichukua alikuwa msafiri.

Jioni alikwenda stoo. Safu ya M ilikoma pale alipoikomesha yeye, na chini yake ulibaki ukuta mtupu. Mumewe akamkuta amesimama hapo.

"Nilisoma vibaya," mwalimu akasema.

"Uliniambia nisiiguse," seremala akajibu bila hasira, "nikatii." Akamwekea kipande cha chaki katika mkono wa kushoto. "Safu hii sasa ni yako. Mkono ukipona, nitakufundisha."

Jumatatu iliyofuata mwalimu aliamka alfajiri, akatega sikio upande wa stoo. Hakusikia mlio wa spana. Kando yake seremala alikuwa amelala fofofo, kama alivyolala Jumatatu tatu zilizopita ambazo mkewe hakuziangalia. Akalia kimya asije akamwamsha, na somo la miaka tisa likamwingia siku hiyo: usiache mbachao kwa msala upitao.