Kal Ipi?

Waliosema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi hawakuwa na mzaha. Kidole hufungwa kitambaa. Neno likishatoka, utalifunga na nini?

Asubuhi hiyo mjini Rawalpindi, Brigedia Zubair Lodhi, msemaji wa jeshi la Pakistani, alijikwaa kizingitini akiingia kuzungumza na waandishi wa habari. Kidole chake kikawaka moto ndani ya buti.

"Sahib, vita umevianza na mlango?" mmoja akamtania. Ukumbi ukacheka.

Kwa miaka mingi bomu la nyuklia la Pakistani lilikuwa la siku ya mwisho, nchi ikiwa karibu kumezwa. India ilipojipanga kuvuka mpaka ghafla kwa vifaru, Pakistani ikaunda makombora madogo ya nyuklia ya kuvizuia. Yangetumika lini? Hilo halikusemwa kamwe. Ukungu huo ndio uliokuwa ngao.

"Makombora madogo, mpakani, lini?" mwandishi akauliza.

Zubair, kwa maumivu, akajibu kwa mkato: "Kal."

Kwa Kiurdu, kal ni jana, na ni kesho pia. Kitenzi ndicho huamua. Zubair alikimeza kitenzi. Alimaanisha yalipelekwa mpakani jana, kwa mazoezi, na yalikuwa yamesharudi. Wakuu wa India huko Delhi nao wana neno hilohilo katika Kihindi chao. Wao wakasikia kesho.

Kabla ya adhuhuri ndege za India zilikuwa zikipakiwa mabomu. Mahnoor, binti wa Zubair, mwalimu huko Lahore karibu na mpaka, akapiga simu.

"Abba, wazazi wanawatoa watoto madarasani mbiombio. Mimi nikimbilie wapi?"

Zubair akaiweka simu chini. Akamwendea mkuu wake, Jenerali Sherwani.

"Niruhusu nisahihishe, sahib."

"Usahihishe? Watasema tumeufyata mkia! Waache waogope."

"Mwenye hofu ndiye hupiga kwanza, sahib."

Jenerali akaitazama ramani, jasho likimtiririka. "Haya, piga simu."

Zubair akachechemea hadi kwenye simu iliyounganisha majeshi mawili.

"Kal ipi, bhai?" kanali wa India akauliza. "Sema sawasawa, marubani wetu wameshapanda!"

"Iliyopita! Yalitoka, yakarudi! Naapa kwa kichwa cha binti yangu!"

Kanali akashusha pumzi. Kisha: "Mpumbavu wewe! Nusura utuue sote."

Ndege hazikuruka. Sera ikabadilika tena: makombora hayakusogezwa bila upande wa pili kuarifiwa, tena kwa tarehe. Zubair alistaafishwa, na kidole chake kikapona upesi. Lakini Mahnoor, mwanafunzi akitamka kal, bado hushtuka na kuuliza, "Ipi?" Hakika, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.