Nyati Mwenye Kisima

Hadithi, hadithi.
Hadithi njoo.
Ije na ndoo au ije mikono mitupu?
Ije na ndoo.
Basi sogeeni, na mwenye mtoto mgongoni akae kivulini.

Hapo kale, katika nchi ya vumbi na migunga, wanyama walikuwa na kisima kimoja kirefu. Kirefu kweli. Ukitupa kijiwe unasubiri, unasubiri, ndipo unasikia chubwi. Hakuna aliyeweza kuchota peke yake. Walisimama kwenye ngazi zilizochongwa ukutani mwake, ngazi kwa ngazi, kutoka chini hadi juu, wakipokezana ndoo ya ngozi huku wakiimba:

Pokea, pandisha.
Pandisha, pokea.

Juu, maji yalimiminwa katika hori la udongo, chururu, na kila mmoja akanywa kwa zamu. Wanaonyonyesha na watoto wao walitangulia, wenye nguvu wakafuata. Hakuna aliyegombana, maana mwenye nguvu leo kesho ana homa.

Ukaja ukame. Na Nyati naye akaja. Akalala mdomoni mwa kisima, pwaa.

"Kisima changu," akasema. "Nyinyi mtachota, mimi nitakunywa. Nikishiba tutaona."

Wakachota, akanywa. Wakachota, akanywa. Hori likabaki kavu, likapasuka nyufa. Nyati hakushiba.

Kidiri, mnyama mdogo wa jamii ya kindi, alikuwa na mtoto mmoja, na mtoto yule alikuwa amelala chini, ulimi umemkauka, hata kulia hawezi. Twiga aliliona hilo. Alikuja akasimama juani, bila kusogea, ili kivuli cha shingo yake kimwangukie mtoto. Kilikuwa kivuli chembamba, lakini na mtoto alikuwa mdogo.

Kidiri akamtazama Twiga anavyoungua kwa ajili ya mtoto asiye wake. Akainuka, akaenda hadi puani mwa Nyati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Rudi nyuma."

"Sirudi."

Nyati akafungua jicho moja. "Unasemaje wewe, mkia wenye miguu?"

"Nasema sirudi. Mwanangu ana kiu, na zamu ni yake."

"Zamu imekufa. Nimeikalia."

"Haya. Kwa hiyo wewe ndiye mwenye kisima?"

"Mimi."

"Mbona basi umekaa mlangoni kama askari?"

Wanyama wakacheka kwa pua, fff, fff. Nyati akafungua na jicho la pili.

"Kwani mwenye kisima hukaa wapi?"

"Chini kabisa, maji yanapotokea. Tangu enzi za bibi zetu, anayesimama pale ndiye tunamwita mwenye kisima. Huku juu wanakaa watumishi. Muulize Punda."

Punda akainamisha kichwa. "Ni kweli, mzee," akasema. Na ilikuwa kweli tupu.

Nyati akawaza. Chini kabisa. Maji yote mbele ya pua yake, wala hakuna wa kumcheleweshea ndoo.

"Nipisheni," akasema.

Akashuka, gudu, gudu, gudu, mpaka chini. Akanywa, gubu, gubu, gubu, mpaka ulimi ukagusa tope.

"Wenzangu," Kidiri akaita, "shikeni ngazi zenu."

Choroa, yule mwenye pembe ndefu kama mikuki, akashika ngazi yake. Punda akashika yake. Nyani, Swala, Ngiri, kila mmoja yake. Maji nayo yakaanza kujaa tena polepole kwenye miguu ya Nyati, ya baridi.

"Nimeshiba," Nyati akanguruma. "Nipisheni nipande."

"Haiwezekani, mzee," akasema Kidiri kutoka juu. "Ngazi zimejaa."

"Washuke."

"Hatushuki. Mwenye kisima hutoka mwisho, wote wakishakunywa. Ndiyo heshima yake."

"Nitawachoma kwa pembe."

"Mchome Choroa, akuangukie. Kisha Punda amfuate, na Nyani, na Ngiri. Utafukiwa ndani ya kisima chako."

Nyati akanguruma, mmmuuu. Sauti ikazunguka shimoni, ikamrudia masikioni mwake mwenyewe. Kidiri akateremsha ndoo.

"Jaza, mzee."

"Sijazi."

"Basi tutangoja. Sisi ukame umetufundisha kungoja. Wewe umefundishwa na nani?"

Wakaanza kuimba bila ndoo. Pokea, pandisha. Pandisha, pokea. Wakaimba mpaka miguu ya Nyati ikafa ganzi, na meno yakagongana, kakaka. Ndipo akaichovya ndoo, akaitundika kwenye pembe, akainyanyua.

Choroa akapokea. Punda akapokea. Nyani akapokea. Chururu ndani ya hori.

Mtoto wa Kidiri akanywa wa kwanza. Akanywa, akakohoa, akanywa tena. Macho yakafunguka.

"Mama, ni nani anayenguruma huko chini?"

"Ni mwenye kisima, mwanangu. Mshukuru."

Mtoto akachungulia shimoni. "Asante, mzee."

Kisha ndoo ikapanda, na safari hii ilikuwa imejaa mpaka ukingoni.

Wakanywa wote. Twiga alipoinama kunywa, hakuna aliyemharakisha. Nyati akatoka mwisho, tope mpaka masikioni, akakuta wamemwachia maji horini.

"Kunywa, mzee," akasema Kidiri. "Na wewe una zamu."

Kesho yake Punda akauliza, kama kawaida, "Leo nani mwenye kisima?" Nyati akatazama mawingu, ambayo hayakuwepo, akaenda kusimama mwisho wa mstari, nyuma ya Kobe.

Hadithi yangu imefika nyumbani. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: msibishane na wakubwa. Mkubwa akiwaambia kisima ni chake, mkubalieni papo hapo, kwa adabu zote, na mumwonyeshe ngazi.