Mtoto wa Siwema na Prosesa Isiyofungwa

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, ni zamani hii hii yetu ya umeme na kompyuta, palikuwa na bonde likiitwa Kitopeni. Mto wake kiangazi ni mpole, unaweza kufulia nguo ukasinzia. Masika haumjui mtu. Juu milimani kulikuwa na vipimo vya maji, na huku bondeni kulikuwa na ofisi yenye kompyuta ya kukokotoa maji yale yatafika wapi na yatafika lini. Lakini kompyuta ilikuwa kuukuu. Ikihesabu, ikihesabu, jibu linatoka maji yameshaingia vyumbani. Masika moja maji yalimchukua mtoto wa kwanza wa Siwema, mwanamke wa bonde lile, yakampokonya mikononi mwake, na jibu likatoka watu wakiwa wanatafuta mwili.

Basi watu wakasema, inunuliwe kompyuta nyingine. Kazi wakapewa wanawake watatu wa ofisi ile, Sikudhani, Tabia na Mgeni.

Sikudhani akaenda mjini kuchagua prosesa, maana prosesa ndiyo inayohesabu. Muuzaji akamwonyesha moja yenye viini vingi, akasema, "Chukua hii dada, humo ndani ni kama una vibarua tele."

Sikudhani akasema, "Hesabu yetu ni ya foleni, hatua hii haianzi mpaka ile iishe. Vibarua tele watafanya nini, watapiga soga?"

Akaiacha. Akachagua yenye viini vichache lakini vyepesi, na kasi yake haikufungwa kiwandani, mwenye nayo akitaka anaipandisha. Na bodi ya kuipachika akachagua inayoruhusu hivyo. Wenzake wakamtania, "Umetuletea mtoto mtukutu." Akasema, "Mtukutu ndiye anayewahi."

Tabia akasema, ikipandishwa itachemka, nami joto ndilo langu. Akaipaka dawa yake ya kupitisha joto, akaifungia feni kubwa juu yake. Mgeni akasema, kuipandisha ndiko kwangu. Akaipandisha kidogo, akaijaribu, akaipandisha tena kidogo, akaijaribu.

Masika yakaja. Siwema alikuwa mjamzito tena, na mumewe alishakufa kwa homa, hana mama, hana dada, kila wingu likijikusanya anashika tumbo. Alasiri moja vipimo vya milimani vikapanda kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Mgeni akaisukuma prosesa kupita siku zote. Ikachemka. Na hapo hapo feni ya kutoa joto nje ya kompyuta ikakwama. Tabia akaibandua kompyuta ubavu, akachukua kipepeo cha jiko la mkaa, akapepea, akapepea, viganja vikatoka malengelenge. Jirani akamwita Tabia dirishani kwa jina la mwanawe, "Mama Nuru, ukingo unamegeka kwako, njoo utoe vitu." Hakuinuka. Nyumba ikaenda na vyombo vyake vyote.

Jibu likatoka: maji hayatavuka ukingo. Watu wakashusha pumzi, wengine wakaanza kurudi makwao. Mgeni hakulipenda jibu lile. Akairudisha hesabu ile ile, likatoka jibu jingine. Akasema, "Inakosea. Nimeisukuma mno, nayo haijazima, inaendelea tu kuhesabu uongo." Akaipunguza kasi.

Mwenyekiti wa kijiji akamwambia, "Unapunguza mwendo saa hii, una akili wewe?"

Mgeni akasema, "Nikuwahishie uongo, mwenyekiti, uende nao wapi?"

Akahesabu tena, na tena, majibu yakalingana: maji yatafunika bonde kabla ya magharibi. Watu wakakimbilia shuleni, mlimani, Siwema ameshikwa huku na huku. Maji yakafunika bonde, na hakufa mtu. Siwema akajifungua mtoto wa kike sakafuni darasani, mtoto akalia vizuri, lakini damu ya mama ikakataa kusimama, na barabara imekatika. Mkunga akakandamiza, akakandamiza tena, wapi.

Siwema akasema, "Niitieni wale watatu." Maana Kitopeni mtoto akipewa jina la mtu, mtu yule ni somo wake, na mama akifa somo ndiye mama. Jina ni moja. Akasema, "Nani amenipa huyu? Semeni upesi."

Sikudhani akasema, "Mimi, bibi. Ningeleta iliyofungwa, Mgeni angepandisha nini, na Tabia angepepea nini?"

Tabia akasema, "Wewe ulichagua dukani na jua linawaka, leo ulikuwa umesimama tu. Mimi, mwenzangu Siwema, ningeweza kuiacha ikaungua nikaokoe nyumba yangu. Sikuiacha."

Mgeni akasema, "Mliichagua na mkaipepea, ikasema watu walale. Aliyekataa ni mimi."

Tabia akamgeukia. "Na aliyeisukuma hata ikakosea ni nani?"

Mgeni akasema, "Ni mimi. Na nisingeisukuma, ukweli ungetukuta majini."

Sikudhani akasema, "Ukweli wenyewe ulitoka kwa kasi niliyoichagua."

"Ulichagua," akasema Tabia, "hukupoteza kitu."

"Na kupoteza ndiko kunakompa mtu mtoto?" Mgeni akauliza. Tabia akatazama viganja vyake.

Siwema akawatazama, mmoja, mmoja. Mtoto alikuwa kifuani pake, ana joto, hana jina. Midomo ya mama ikatikisika, mkunga akainama alisikie.

Enyi mnaonisikiliza, mngekuwa nanyi mmepiga magoti sakafuni pale, sikio liko karibu na mama anaondoka, mngetaka mlisikie jina gani? Sikudhani aliyechagua, Tabia aliyepoteza, au Mgeni aliyekosea akarudi? Je, nani alistahili kulea?