Meneja Kinyonga na Nyuzi za Buibui

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mmeshikwa na usingizi? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Zamani hizo, wanyama walipokuwa bado hawajajifunza kushuku, Buibui alikuwa na karakana ya nyuzi. Msitu mzima ulifungia nyumba kwa nyuzi zake. Na karakana ilikuwa na desturi: uzi hautoki mpaka Buibui mwenyewe aning'inie kwenye uzi huo, alale, aamke salama. Wapita njia walimwona anabembea, anakoroma. Wakanunua bila kuuliza.

Kazi ikazidi. Buibui akamwajiri Kinyonga awe meneja. Kinyonga huyo! Maneno matamu, jicho moja huku, jingine kule. Siku ya kwanza tu akafoka, "Mnalala kazini? Uzi utoke leo leo!" Buibui akanung'unika, kisha akaacha kuulalia uzi, ukawa unatoka bila kujaribiwa. Hapo ndipo alipokosea, nasema wazi.

Wakati huo ndege Mnana alikuwa na makinda, hata mbawa hazijaota. Kiota chake kilining'inia juu ya mto, kwa uzi wa Buibui. Na chini mtoni, Mamba, mdomo wazi.

Mara, puu! Nyumba ya Kuchakulo, yule mwenye mkia wa manyoya, ikaanguka kutoka mtini. Akaenda karakana akichechemea. Kinyonga akageuka kijani. "Pole sana. Ni upepo tu."

Mara, puu! Nyumba ya Komba. Kinyonga akageuka kahawia. "Wewe ndiye hujui kufunga."

Kuchakulo na Komba wakakutana njiani.

"Wewe umeambiwa nini?"

"Eti sijui kufunga. Na wewe?"

"Eti upepo."

Wakatazamana. Mh!

Habari ikamfikia Mnana. Usingizi ukamruka. Uzi ukilia kwii, moyo unamdunda, du! du! Anawatazama wanawe, anamtazama Mamba. Akashindwa kuvumilia. Akaruka mpaka karakana, Kuchakulo na Komba nyuma yake.

"Bwana Meneja, uzi huu mnaouza ni imara?"

"Imara kabisa, dada yangu."

"Basi ning'inia tuone."

Kinyonga akageuka manjano. "Mimi? Nina kikao."

"Kikao na nani?"

Akageuka kijivu.

Buibui akatoka mbio. "Jamani, uzi huu nimeusokota mimi! Tazameni!" Akaurukia, akabembea. Uzi haukukatika. Huo ulikuwa imara, wallahi.

Komba akauliza, "Ulikuwa wapi nyumba yangu ilipoanguka?"

"Kinyonga hakuniambia!"

"Na huyo Kinyonga kaletwa na nani?"

Buibui akauachia uzi. Machozi yakamtoka.

Mnana akasema, "Buibui, shoga yangu, nakupenda. Lakini wanangu wako juu ya Mamba. Siwezi tena."

Akakusanya majani, akasuka kiota kingine kwa mdomo wake mwenyewe. Akahamisha kinda mmoja, akarudi, akahamisha mwingine, mpaka wakaisha. Mamba akafunga mdomo, akazama kwa hasira.

Buibui alimfukuza Kinyonga siku ileile. Wateja hawakurudi. Mpaka leo anasokota, anasokota, na mdudu akiuona uzi wake huukwepa.

Funzo ni hili, wakubwa kwa wadogo: ukimpa msimamizi mbovu kazi yako nzuri, jina litakaloharibika ni lako. Na jina likishaharibika, hata kitu kizuri hushukiwa.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Anayetaka kubisha, na abishe na mto wake akilala.