Gari la Ukoo na Msiba wa Hidaya

Soma mpaka mwisho kabla hujaituma. Nawajua. Mnasoma mstari wa kwanza, mnatuma kwa watu hamsini, mnaendelea na maisha yenu. Hii isome yote, na ikikuuma usinipigie simu.

Huko juu milimani Lushoto aliishi mwalimu mstaafu aliyeitwa Mwalimu Shemndolwa. Nyumbani kwake alikuwa akimtunza dada yake mjane, Hidaya, mgonjwa wa figo. Mara mbili kwa wiki Hidaya alitakiwa kushushwa mlima hadi hospitali ya tambarare kusafishwa damu. Asiposhuka, anakufa. Hapo hakuna maelezo mengine.

Ukoo wao ulifanya jambo jema mwanzoni, nisiwanyime haki yao. Walichangishana wakanunua gari la abiria wanane, kuukuu, lililokwisha kutumika miaka mingi huko lilikotoka. Siku lilipofika walichinja mbuzi. Kila mtu alipiga picha ameweka mkono juu ya boneti. Mhina, kaka yao mkubwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Tanga, akatoa hotuba.

"Kuanzia leo dada yetu hatateseka tena!"

Makofi, vigelegele, ufunguo akakabidhiwa Mwalimu. Kila mtu akarudi kwake na nyama yake. Wakadhani kazi imeisha.

Kumbe ndiyo ilikuwa inaanza. Radieta ikavuja, Mwalimu akaziba. Shokapu zikafa, bushi zikawa zinagonga kila kwenye shimo. Gia ikawa inafikiria kwanza ndipo iingie. Mlango wa pembeni ukagoma kufunguka kwa nje, ikabidi mtu aingie kwa mbele akausukume kutokea ndani. Yote hayo yalitoka kwenye pensheni ya mtu mmoja.

Na hao ndugu? Wakiwa na harusi, gari ni la ukoo. Wanalichukua, wanajaza watu mpaka kwenye buti, wanalirudisha tangi tupu na pilau limemwagika kwenye viti. Likiharibika, gari ni la Mwalimu. Taa ya injini ilipowaka kwenye dashibodi, binamu mmoja aliyekuwa ameliazima alibandika plasta juu yake ili isimsumbue macho. Hivi jamani! Taa inakwambia gari linaumwa, wewe unaifunika usoni!

Mwishowe zikafuata breki. Fundi alifungua magurudumu akamwonyesha Mwalimu kwamba pedi zimeisha, chuma kinasaga chuma, na mpira wa breki unavuja.

"Mwalimu, usilishushe mlima hili gari," akasema. "Hutarudi."

Kule juu mabasi hayafiki, na mtu aliyevimba miguu humpandishi bodaboda. Mwalimu akawa anakodi gari za watu mpaka pensheni ikakauka. Akaandika kwenye kundi la ukoo la simu: "Ndugu zangu, breki za gari zimekwisha. Hidaya hana namna ya kufika hospitali. Naomba tuchangie."

Majibu yakaja. Dole gumba. Dole gumba. "Mungu ni mwema." Mmoja akauliza, eti lile gari bado lipo? Mhina akaandika, "Mwezi huu pagumu, tuvute subira." Mwalimu akaandika mara ya pili, akaandika mara ya tatu. Mara ya tatu hata dole gumba halikuonekana.

Wiki hiyo Hidaya alikosa siku yake ya kwanza ya kusafishwa damu. Uso ukavimba, viatu vikamkataa, usiku akawa analala amekaa kwa sababu akilala chali pumzi haipandi. Ndugu wako kwenye kundi wanatumiana vichekesho.

Siku ya pili ya kusafishwa ilipofika, asubuhi na mapema, ukaingia ujumbe mwingine kutoka simu ya Mwalimu: "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Dada yetu Hidaya ametutoka. Njooni."

Wee! Ungewaona! Simu haikutulia. Hela zikamiminika bila mtu kuuliza ni kiasi gani. Mhina, yule yule wa mwezi mgumu, alituma peke yake fedha za kutosha kufunga breki mpya kwenye magari mawili. Turubai likakodiwa, masufuria yakaja, magunia ya mchele yakashushwa. Kufika adhuhuri uani hapakuwa na pa kukanyaga. Mhina akateremka kutoka gari la kukodi akiwa na sanda mpya kwapani, analia kwa sauti ya juu.

"Dada yangu mimi! Dada yangu! Ningekufanyia nini mimi usiondoke!"

Mlango ukafunguka. Hidaya akatoka amejishikilia ukutani.

Wapo waliokimbia. Mama mmoja aliyekuwa analia kuliko wote aliruka ua wa michongoma na kanga ikabaki huko. Waliobaki walisimama tu wamekodoa macho.

"Karibuni," Hidaya akasema. "Kaka, nimekusikia unauliza ungenifanyia nini. Breki. Ungenifanyia breki."

Mhina akamgeukia Mwalimu, mishipa imemsimama shingoni. "Wewe! Mtu mzima, umefundisha watoto wa watu, leo unamzulia dada yako kifo?"

"Usimfokee," Hidaya akasema. "Ujumbe huo nimeuandika mimi mwenyewe, kwa mkono huu uliovimba. Yeye aliwaandikia habari za breki mara tatu, mkamtumia vidole. Nikaona niwaandikie habari ambayo huwa mnaijibu."

Hapo ungetegemea mtu aombe radhi. Ningekuwa mimi ningetafuta shimo nijifukie. Mhina je, unajua alisema nini? Alikohoa, akaiweka ile sanda vizuri kwapani, akasema:

"Sasa kama hajafa, mimi nirudishiwe mchango wangu."

Loh! Tena mbele ya watu! Na usicheke, maana wapo wengine wawili watatu walioitikia kwa kichwa.

Hidaya hakupandisha sauti. Aliuchukua ufunguo wa gari mkononi mwa Mwalimu akamnyooshea kaka yake.

"Utarudishiwa yote. Lakini leo ni siku yangu ya hospitali. Nipeleke kwa gari lenu la ukoo, usukani ushike wewe mwenyewe. Tukifika kule chini, pesa yako hii hapa."

Mhina akalitazama gari. Akaitazama barabara inavyoporomoka mlimani, kona juu ya kona. Akarudi nyuma.

"Una wazimu wewe?" akafoka. "Gari hilo halina breki!"

Watu wote uani wakageuka kumtazama. Mhina mwenyewe ndiye wa mwisho kusikia alichokisema. Alikaa chini kwenye mkeka, akainamisha kichwa, na safari hii alilia bila sauti.

Mchana ule Hidaya alishushwa hospitali kwa gari la kukodi lililomleta Mhina. Michango ya msiba ikanunua pedi, mpira wa breki na tairi mpya, na hakuna aliyerudishiwa hata shilingi.

Funzo: Usiseme hukujua wala usiseme huna. Ndugu yako akikwambia anaumia, msaidie siku hiyo hiyo anaposema, kwa sababu mchango unaoutunza kwa ajili ya mazishi yake ndio ungemzuia asife.